Ukuta wa Mwanafunzi: Historia ya Shule ya Ufundi ya Bok, Philadelphia

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu wa karakana, vijana mlioketi kule nyuma, na wageni wetu wote: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie historia ya shule moja iliyofungwa. Mimi ni mwashi, na nusu ya umri wangu nimeitumia kuwafundisha wengine uashi. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikianza na ukuta.

Anayejifunza kujenga hapewi saruji. Siku za mwanzo anapewa mchanga, chokaa na maji, basi. Anakoroga mpaka mchanganyiko ukae juu ya mwiko bila kumwagika. Anatandika, anaweka tofali, analigonga kidogo kwa mpini, anaweka pima maji juu yake na kuangalia kama kiputo chake cha hewa kimetulia katikati. Kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, kozi ya pili, ukuta unapanda hadi kifuani. Mwalimu anakuja na timazi, anaiachia ininginie kwenye kona, anafumba jicho moja, anasema, "Umelalia huku." Kisha mwanafunzi anaambiwa abomoe. Chokaa peke yake haishiki kama saruji, kwa hiyo matofali yanabanduka mazima. Yanakwanguliwa, yanapangwa pembeni, na wiki inayofuata darasa jingine linajenga kwa matofali yaleyale.

Nyinyi mliopita karakana mnajua kwamba ule ukuta ndio shule yenyewe. Lakini mkaguzi akija saa tisa alasiri, anachokiona ni lundo la matofali ya zamani na chumba kikubwa kisicho na madawati. Kumbukeni hilo. Tutalirudia.

Shule ninayoizungumzia ilikuwa Marekani, kusini mwa jiji la Philadelphia, pale Mtaa wa 9 unapokutana na Mtaa wa Mifflin. Iliitwa Edward W. Bok. Ilifunguliwa mwaka 1938 kama shule ya umma ya ufundi, ikafungwa mwaka 2013. Miaka 75. Jengo lake lipo mpaka leo, ghorofa nane, limechukua kipande kizima cha mtaa, na nyumba za jirani zikisimama kando yake zinaonekana kama masanduku. Nimeingia ndani yake na nimepanda hadi juu ya paa. Nilichokiona huko nitakisema mwishoni, maana bila yaliyotangulia hakieleweki.

Kwanza tujiulize jiji lilipata wapi wazo la kujenga jumba kubwa namna ile ili watoto wake wajifunze kupiga plasta na kushona suti.

Philadelphia ilikuwa ikiitwa karakana ya dunia, na jina hilo ilistahili. Baldwin walitengeneza vichwa vya treni, Disston misumeno, Stetson kofia, Cramp meli. Chini ya majina hayo makubwa kulikuwa na viwanda vidogo visivyohesabika vya nguo, mazulia, soksi na vyuma. Zamani kijana aliupata ufundi kwa kuwa mwanagenzi: anakaa na fundi mkuu miaka kadhaa, anafagia, anabeba, anatazama, na siku moja anaachiwa zana. Viwanda vilipokua, fundi mkuu hakuwa tena na nafasi ya kulea mtoto wa mtu. Mwenye kiwanda naye alitaka mikono iliyokwisha kuiva.

Hapo likatokea jambo ambalo kila mwalimu wa ufundi anapaswa kulijua. Mwaka 1876 Marekani ilitimiza miaka 100 ya uhuru, na Philadelphia ikaandaa maonyesho makubwa ya kimataifa. Katika maonyesho ya Urusi, Shule ya Ufundi ya Kifalme ya Moscow ilileta mazoezi ya wanafunzi wake. Mkurugenzi wake, Victor Della-Vos, alikuwa ameuchambua ufundi kama mtu anavyofumua kanzu ili ajue ilivyoshonwa. Kupiga tupa, kutoboa, kuunga mbao, kufua chuma: kila hatua ilikuwa na zoezi lake, kuanzia jepesi kwenda gumu, na darasa zima lilifundishwa kwa pamoja kabla kijana hajagusa kazi ya kuuza. John Runkle, mkuu wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, aliyaona mazoezi yale akarudi nyumbani akiwa na ajenda mpya. Philadelphia yenyewe ilifungua shule yake ya kwanza ya sekondari ya kazi za mikono mwaka 1885. Kwa hiyo mwanafunzi wako anapokata kiungo cha mkia wa njiwa kwenye kipande cha ubao ambacho hakitakuwa meza wala kiti, zoezi hilo lina ukoo, na ukoo wake umepitia katika maonyesho yale.

Fedha kubwa zilikuja mwaka 1917, Rais Woodrow Wilson alipotia saini sheria ya Smith-Hughes. Kwa mara ya kwanza serikali kuu ya Marekani ikaanza kulipia walimu wa ufundi katika shule za umma: kilimo, ufundi na viwanda, na maarifa ya nyumbani. Kwa shule za ufundi, sheria ilitaka angalau nusu ya muda wa masomo iwe kazi ya vitendo yenye kuzalisha kitu. Nusu ya muda! Leo tunaomba vipindi viwili kwa wiki na tunaambiwa ratiba imejaa.

Lakini nisiwafiche, kulikuwa na ubishi mkubwa, na ulikuwa wa haki. Mwaka 1915 mwanafalsafa John Dewey na mwanaelimu David Snedden walijibizana kwa maandishi. Snedden alitaka shule za ufundi ziwe na mfumo wao, ziwaandae vijana kwa kazi zilizopo. Dewey alikataa. Aliogopa kwamba ukiwagawa watoto mapema, hawa kwa vitabu na hawa kwa nyundo, umekwisha kuwachagulia maisha, na umewafundisha watii viwanda kama vilivyo badala ya kuvielewa. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Naona Dewey alikuwa sahihi kuhusu hatari. Ila nimewaona vijana ambao hesabu za darasani ziliwakimbia mwaka baada ya mwaka, na siku walipotakiwa kupata kona mraba kwa kamba ya pembetatu yenye pande za 3, 4 na 5, hesabu zikarudi zenyewe. Kijana wa namna hiyo humfukuzi karakana kwa jina la usawa.

Basi tufike Bok. Ni miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, watu hawana kazi. Mwaka 1933 serikali ya Rais Roosevelt inaanzisha Mamlaka ya Kazi za Umma chini ya waziri Harold Ickes, ili fedha za serikali zijenge mabwawa, madaraja, hospitali na shule, na wajenzi wapate mshahara. Shule ya Bok ilijengwa kwa fedha hizo. Aliyeichora ni Irwin T. Catharine, msanifu wa bodi ya elimu ya jiji, mtu aliyechora shule nyingi kiasi kwamba ukitembea Philadelphia huwezi kumkwepa. Aliipa mtindo wa Art Deco: mistari mirefu inayopanda, matofali ya rangi hafifu, jiwe lililochongwa penye milango. Hakuipunguzia heshima kwa kuwa ni shule ya mafundi. Mwaka 1986 jengo hilo liliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria.

Ndani mlikuwa na kila kitu. Uashi, useremala, bomba, umeme, mitambo, magari, ushonaji, upishi, ususi, uuguzi, uchapaji. Kadiri miaka ilivyopita baadhi ya fani zilikufa na nyingine zikazaliwa, lakini mpango ulikuwa uleule: kijana anatoka na cheti cha sekondari mkono mmoja na ufundi mkono wa pili.

Na jina? Edward Bok alizaliwa Den Helder, Uholanzi, mwaka 1863, akaletwa Marekani akiwa mtoto wa miaka sita hivi. Akiwa na miaka 13 aliacha shule akaenda kuwa tarishi wa kampuni ya simu za maandishi. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa mhariri wa jarida la wanawake, Ladies' Home Journal, kuanzia 1889 kwa miaka 30, na mwaka 1921 akapata tuzo ya Pulitzer kwa kitabu cha maisha yake mwenyewe. Mkewe, Mary Louise, ndiye aliyeanzisha Taasisi ya Muziki ya Curtis mwaka 1924, katika jiji hilohilo, kwa ajili ya vipaji vya muziki. Taasisi ya mke ipo na inaendelea kufundisha. Shule yenye jina la mume, ya umma, ya watoto wa mafundi na wahamiaji wa kusini mwa jiji, imefungwa. Nawaachia mlitafakari hilo.

Sasa nikifika hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Shule ya ufundi ina milango miwili. Mmoja ni wa kuingilia, unaouona barabarani. Wa pili ni wa kutokea kwenda kazini, na huo haumo mikononi mwa mwalimu mkuu. Ukifungwa ule wa pili, wa kwanza utafungwa tu, iwe kesho, iwe baada ya miaka hamsini. Bok ilifungwa mwaka 2013 kwa kura. Lakini mlango wake wa pili ulianza kufungwa zamani sana, na kwa baadhi ya watoto haukuwahi kufunguliwa.

Mwanazuoni W. E. B. Du Bois alikwenda Philadelphia mwaka 1896 akapita nyumba kwa nyumba katika Wadi ya Saba, akiwahoji watu weusi wa jiji. Alikuta mafundi wenye ujuzi wakifanya kazi za upagazi na utumishi wa ndani, kwa sababu viwanda na vyama vya wafanyakazi viliwakatalia. Ujuzi walikuwa nao. Mlango hawakuwa nao.

Zaidi ya miaka 60 baadaye mambo yalikuwa hayajabadilika vya kutosha. Mei 1963, katika mtaa wa Strawberry Mansion kaskazini mwa jiji, ilikuwa inajengwa shule. Shule ya umma, kwa kodi za watu, katikati ya makazi ya watu weusi, na mafundi wa ujuzi waliokuwa wakiijenga walikuwa weupe. Wakili Cecil B. Moore, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, katika jiji hilo, akawaongoza watu wakaizunguka saiti, wakazuia wafanyakazi kuingia, polisi wakapambana nao, mpaka yakafikiwa makubaliano ya kuajiri mafundi weusi. Mwaka 1969 serikali ya Nixon ikaleta kile kilichoitwa Mpango wa Philadelphia, kazi iliyosimamiwa na Arthur Fletcher wa Wizara ya Kazi: mkandarasi anayetaka zabuni za serikali kuu aonyeshe malengo ya kuajiri watu weusi katika fani kama umeme, bomba na chuma. Tazameni fani hizo. Ni zilezile zilizokuwa zikifundishwa kwa fedha za umma katika shule za ufundi. Mwalimu alimfundisha mtoto mweusi kuunga bomba, na nje kulikuwa na mtu anayeamua nani aitwe fundi bomba.

Mimi ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi na navipenda vyama vya wafanyakazi. Ndiyo maana hadithi hii inaniuma.

Wakati mapambano hayo yakiendelea, kazi zenyewe zilikuwa zinaondoka. Baldwin waliacha kutengeneza vichwa vya treni mwaka 1956. Kiwanda cha Stetson kilifungwa 1971. Mwaka 1996 karakana ya meli za jeshi, kule chini kusini mwa jiji, mwendo mfupi kutoka Bok, ikamaliza kazi zake. Mwaka 1950 Philadelphia ilikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Kufikia 2000 walibaki kama milioni 1.5. Ghorofa nane zilizojengwa kwa jiji la kwanza zikaachwa zitumikie jiji la pili.

Hata hivyo shule haikulala. Mitaa ya Waitaliano ilipokea Wavietnamu, Wakambodia, Wameksiko, na watoto wao wakaingia Bok pamoja na watoto weusi waliokuwa humo kabla yao. Kwa mtoto ambaye lugha bado inamgomea, karakana ni mahali pa rehema. Nyundo haina lafudhi. Nimeshuhudia darasani mwangu mtoto aliyekaa kimya miezi mitatu akizungumza kwa mara ya kwanza ili kumwambia mwenzake kwamba ukuta wake umepinda.

Sura ya mwisho ni ya haraka. Mwaka 1997 jimbo la Pennsylvania liliruhusu shule za mkataba, zinazolipiwa na umma lakini zenye bodi zake, na wanafunzi na fedha vikaanza kuhamia huko. Mwishoni mwa 2001 jimbo likalinyang'anya jiji madaraka ya elimu na kuyakabidhi kwa tume. Mwaka 2002 sheria mpya ya serikali kuu ikaanza kuzipima shule kwa mitihani ya kusoma na hesabu. Hakuna mtihani katika ile iliyopima kona mraba. Desemba 2012 mkuu wa elimu, William Hite, akapendekeza shule 37 zifungwe, kwa hoja ya viti vitupu na fedha. Tarehe 7 Machi 2013 tume ikakaa kupiga kura. Watu walijaa nje na ndani. 19 wakakamatwa, akiwemo Randi Weingarten, rais wa shirikisho la walimu la Marekani. Kura ikapigwa, shule 23 zikafungwa, Bok ikiwemo. Upungufu wa bajeti ulitajwa kuwa dola milioni 304, na mwezi Juni barua za kuachishwa kazi zikaenda kwa wafanyakazi 3,783 wa shule za jiji: walimu, washauri nasaha, makatibu, wasaidizi.

Hoja ya viti vitupu haikuwa uongo. Nafasi zilikuwa nyingi kuliko watoto, na kulipia joto la jumba lile wakati wa baridi si jambo la mchezo. Ninachokataa ni kipimo. Karakana ya uashi haina viti. Ukiihesabu kwa viti, siku zote itaonekana tupu.

Wakasema fani zitahamia South Philadelphia High School, mwendo wa dakika chache kutoka pale. Na zilihamia. Lakini nani kati yetu aliyewahi kuhamisha karakana? Karakana niliyoanzia kufundisha, ambayo sitaitaja, nayo ilihamishwa. Mashine ya kukereza ilinyanyuliwa na gari la kunyanyulia mizigo, ikawekwa kwenye korido ya jengo jipya, na huko ikakaa. Umeme wa njia tatu haukuwepo. Sakafu haikuwa na mahali pa kuifunga kwa bolti. Mwaka mzima wanafunzi walipita kando yake wakiiwekea mabegi yao. Na mashine ni kitu chepesi kuhama kuliko vingine. Mwalimu mzee aliyekuwa akiinua simu na kumwambia mkandarasi, "Nina kijana hapa, mchukue, nakudhamini," huyo hahamishwi kwa lori. Anastaafu, na namba za simu anaondoka nazo kichwani.

Jengo liliuzwa. Walioinunua hawakuibomoa, na kwa hilo nawashukuru kwa dhati. Leo vyumba vimepangishwa kwa watengeneza vito, wabunifu wa nguo, wapiga picha, waokaji, watu wenye biashara ndogo. Juu ya paa walifungua baa mwaka 2015, na ubishi ukazuka jijini: wengine walifurahi kwamba jumba limepata uhai, wengine wakauliza inakuwaje watu wanywe na kustarehe juu ya madarasa ambayo watoto wa mtaa walitolewa miaka miwili tu kabla ya hapo. Nimewasikiliza wa pande zote. Hasira ile naielewa kabisa.

Nilipokwenda mimi ilikuwa asubuhi. Makabati ya chuma ya wanafunzi bado yamepangwa ukutani kwenye korido. Mlango mmoja ulikuwa wazi, na ndani binti mmoja alikuwa ameinama juu ya meza ya kazi, tupa ndogo mkononi, analainisha ukingo wa pete. Nilisimama nikamtazama. Alipiga tupa vizuri: anasukuma kwa uzito, anarudi bila kugusa, kama Della-Vos alivyotaka. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema chuo, kwa kulipa, na bado ana deni. Chumba alichokaa kilijengwa ili mtu wa umri wake ajifunze kazi ya mikono bila kulipa senti.

Kisha nikapanda juu. Kutoka kwenye paa lile unaona jiji zima: upande wa kaskazini minara ya katikati, na sanamu ya William Penn, mwanzilishi wa jiji, juu ya jengo la halmashauri, upande wa kusini mabohari na mto. Niliangalia kaskazini kwa muda mrefu, mbali kuliko macho yanavyofika, kwa sababu huko, Mtaa wa 22 na barabara ya Lehigh, ipo shule nyingine ya ufundi iitwayo Dobbins. Ni ya Catharine huyohuyo, ya miaka hiyohiyo ya thelathini, dada yake Bok kabisa. Dobbins iliponea wimbi la 2013. Niliteremka, nikapanda treni ya chini ya ardhi, nikaenda kusimama ng'ambo ya barabara saa ya kutoka shule. Walitoka kwa makundi, wakisukumana na kucheka. Mmoja alikuwa na vumbi jeupe kwenye viatu, na lilikuwa limepanda hadi magotini mwa suruali yake.

Asanteni kwa kunisikiliza.